Kijiji cha Vyumba Mia na Ishirini

Punta Huechén, Chiloé
Jumatano, 4 Julai 2012
Siku ya 598

Daktari Fresia,

Pokea salamu zetu sote tulio huku: mimi, jiko la kuni, na bakteria nusu milioni hivi ambao hawajanituma lakini nawasemea.

Hali ya kijiji jana jioni ilikuwa hivi: vyumba 71 vya watoaji, 38 vya wadoezi, 11 vitupu. Chemchemi inaleta maji ya nyuzi tisa kama kawaida. Vifuniko vipya vya kioo ulivyonitumia ni vizuri sana kuvitazama. Havifuniki.

Doña Otilia Raín, mjane wa shamba la juu, alikuja jana kurudisha shoka, akanikuta nimeinamia hadubini.

“Bado unawachungulia hao?”

“Bado.”

“Mwaka wa pili huu, Nolberto. Hata marehemu mume wangu hakuwahi kunitazama hivyo.”

Nikamkalisha nikamweleza. Kwamba kipande hiki, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, ni kijiji. Kwamba wewe huko Santiago umekichonga vyumba mia na ishirini, na kila chumba kina vijia vyembamba kuliko unywele vya kwendea kwa majirani. Wanaong’aa kijani ni watoaji: wanatoa ute unaoyeyusha chakula, na kikishayeyuka wanakula wote. Wanaong’aa nyekundu ni wadoezi: hawatoi chochote, wanakula tu. Ukiwamwaga wote kwenye chupa moja, wadoezi wanajaa, chakula hakiyeyuki tena, na wote wanakwisha. Humu ndani chumba kikijaa wadoezi kinakufa peke yake, halafu mtoaji mmoja au wawili wanapenya kwenye kijia, wanakianza upya.

Akachungulia kwa muda, kisha akasema, “Kwa hiyo umekaa hapa siku mia sita ili ujue kwamba nyumba ya walaji watupu haidumu? Ungeniuliza mimi ningekuambia kwa kikombe kimoja cha chai.”

Ukiwa na jibu la kumpa, nitumie.

Sasa jambo dogo la mwisho. Mwezi wa tatu, kutoka kona ya maabara hadi ukingo wa bahari zilikuwa hatua tisa. Leo asubuhi nimepima: nne, na hatua zangu ni fupi. Wiki iliyopita walikuja watu wawili wa serikali wenye makoti ya manjano, wakagongelea karatasi ukutani: jengo lihamwe kabla ya tarehe thelathini Septemba. Waligongea misumari minne. Rafu yangu ya chupa imelegea.

Wako mtiifu, kadiri ninavyoweza,
Nolberto Mansilla


Santiago, 11 Julai 2012

Don Nolberto,

Yaani bahari iko hatua nne kutoka kwenye kazi yangu ya miaka mitatu, na wewe unaliita “jambo dogo la mwisho”, baada ya vifuniko na shoka la Doña Otilia? Nimesoma barua yako nimesimama kwenye korido, nikalazimika kutafuta kiti.

Vifuniko vinafunika. Soma ukurasa wa kumi na tisa wa mwongozo, ule ambao najua unauwekea birika.

Nisikilize. Safu ya baridi, vile vyumba ishirini vinavyopozwa na chemchemi, ndiyo roho ya jaribio zima. Watoaji wa safu ile wamebadilika. Hawatoi ute ovyo tena. Wanatoa wakiwa wamesongamana tu, na wakibaki wachache wanajizuia. Hatukuwafundisha sisi. Wamefika hapo wenyewe kwa siku mia sita, katika safu ile tu. Ninataka kuwafikisha siku ya elfu moja, nijue kama tabia hiyo itasambaa kijiji kizima au itafia pale.

Nakutumia kwa basi sanduku la safari. Lina pampu yake, betri ya saa tisa, na maelekezo ya hatua thelathini na nne. Zifuate kama zilivyoandikwa. Nakuomba kwa heshima zote, Don Nolberto: usibuni chochote.

Fresia Olavarría


Punta Huechén, 21 Julai 2012
Siku ya 615

Daktari,

Sanduku limefika. Ni zuri, lina taa tatu. Doña Otilia anadhani ni redio.

Kwa kuwa umenikataza kubuni, sikubuni. Nilijaribu tu. Nilichukua kile kijiji cha akiba, nikakifunga ndani ya sanduku kwa hatua zako thelathini na nne (ya ishirini na mbili inataka mikono mitatu), nikampa Abelardo Chiguay, shemeji wa Doña Otilia, alipakie kwenye lori lake tuzunguke nalo hadi kanisani na kurudi.

“Niendeshe vipi?” akauliza.

“Kama umebeba mayai.”

“Mimi mayai huyabeba mbio, yasipate muda wa kuvunjika.”

Ilikuwa dakika arobaini. Niliporudi nikachungulia. Pampu ilikuwa imetikisika ikavuta hewa, na mapovu yameingia kwenye vijia kama vizibo. Chumba kikishazibwa hakipati chakula, wala jirani hawezi kupenya. Kati ya vyumba mia na ishirini vilivyo na uhai vilibaki kumi na vinne. Abelardo amevua kofia akaniambia pole, kana kwamba nimefiwa.

Sasa nina swali, na naomba usilijibu kwa ukali. Nilidhani tunahamia kule juu, karibu na mdomo wa chemchemi, ambako hata marehemu Profesa aliyeanzisha kituo alitamani tangu mwanzo. Kutoka hapa hadi pale ni dakika kumi na mbili kwa miguu, nami nina gauti. Betri ya saa tisa ni ya nini?

Nolberto Mansilla


Santiago, 27 Julai 2012

Don Nolberto,

Kwa hiyo umeua kijiji cha akiba. Sawa.

Saa tisa ni tahadhari ya kawaida. Nitakutumia pampu isiyovuta hewa. Tafadhali usizunguke nayo kanisani.

F. O.


Punta Huechén, 3 Agosti 2012
Siku ya 628

Daktari wangu,

Barua yako ya mwisho ina sentensi tano. Wewe huandiki sentensi tano hata ukiniuliza kama nimepokea gundi.

Basi nilikaa nikapiga hesabu. Kutoka hapa hadi kivukoni, saa mbili na nusu. Feri, nusu saa, ukimkuta nahodha hajanuna. Hadi Puerto Montt, saa moja. Kusubiri uwanja wa ndege, saa mbili. Angani, saa moja na dakika arobaini. Teksi hadi mezani kwako, saa moja. Jumla saa nane na dakika arobaini. Umeniachia dakika ishirini za kupumua. Ahsante.

Mimi ni mtu wa kuosha chupa aliyepandishwa cheo kwa sababu wengine waliondoka. Najua hivyo, wala hainiumi. Lakini nimewaamkia hawa wadudu kila siku, Krismasi hata siku niliyomzika kaka yangu, na nilidhani jambo kama hili ningeambiwa na mtu, si na betri.

Nieleze.

Nolberto


Santiago, 10 Agosti 2012

Don Nolberto,

Ndiyo. Ni kweli, na nimefanya vibaya.

Kamati ilikaa mwezi wa sita. Walisema hawawezi kugharamia kituo kilicho kwenye jengo linaloanguka baharini, na fedha za kujenga jingine hazipo. Tarehe thelathini Septemba kituo kinafungwa. Niliwapigia kelele hadi mwenyekiti akaomba maji. Nilichopata ni ruhusa ya kukileta kijiji huku. Sikukuambia kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilikuona umekaa kando ya lile jiko. Mwishowe niliona heri nikuandikie habari za betri.

Wenzangu wananiuliza kwa nini nisiwagandishe wote kwenye barafu na kuwaamsha huku. Nimechoka kuwajibu. Unaweza kugandisha wakazi wote wa kijiji na wakaamka wazima, lakini hutajua tena nani alikaa chumba kipi, jirani yake alikuwa nani, na ni nani aliyeanza upya chumba cha nani. Hilo ndilo tunalolitafiti. Wadudu wenyewe, kila mtu anao. Na huku sina chemchemi; nina mashine ya baridi inayopanda na kushuka kila umeme unapokohoa. Najua vizuri kwamba safu ya baridi haitapona.

Kuna kifungu kimoja, nakuandikia ili usije ukasema nilikificha nacho. Kama kabla ya tarehe hiyo kutakuwa na jengo salama, mbali na ukingo, na jaribio linaendelea ndani yake, mhandisi mhusika (yaani mimi) akaandika kuthibitisha, wataendelea hadi siku ya elfu moja. Lakini nani anajenga nyumba kwa wiki saba, katikati ya majira ya baridi, bila fedha?

Nisamehe. Andaa sanduku.

Fresia


Punta Huechén, 20 Agosti 2012
Siku ya 645

Daktari,

Nimekusamehe Jumatano. Alhamisi nilikasirika tena kidogo, ila leo nimetulia.

Jengo limepatikana. Liko shamba la juu, hatua sitini kutoka mdomo wa chemchemi. Doña Otilia ametoa kiwanja bure, ila anataka aruhusiwe kuchungulia kila Jumapili.

Usilete sanduku jingine.

Nolberto


Santiago, 27 Agosti 2012

Don Nolberto!

Limepatikana vipi? La nani? Nimeshindwa kufanya kazi tangu asubuhi. Nitumie haraka vipimo, aina ya kuta, sakafu, paa, upande linakoelekea, maana kamati haitaki maneno matupu. Na picha, tafadhali, isiyo na kidole chako.

Na unieleze jinsi utakavyokihamisha kijiji kutoka jengo moja hadi jingine. Hata dakika kumi na mbili zinaweza kuleta mapovu. Umeniweka roho juu, lakini kwa mara ya kwanza mwaka huu ni roho juu ya furaha.

Fresia


Punta Huechén, 5 Septemba 2012
Siku ya 661

Daktari Fresia,

Vipimo: mita saba kwa nne. Kuta za mbao, nje vigae vya mti wa alerce, kadhaa vimeng’oka upande wa magharibi. Paa la bati. Jiko la kuni lililopinda mguu. Ukutani kuna matundu manne ya misumari.

Naam. Ni hili hili.

Kaa kwenye kiti kabla hujaendelea.

Wewe uliniuliza nani anajenga nyumba kwa wiki saba. Hakuna. Lakini huku nyumba ikiwa mahali pabaya hatujengi nyingine, tunaivuta. Umewahi kuona minga kwenye kalenda za benki: nyumba nzima juu ya magogo mawili, ng’ombe mbele, watu pembeni. Ndiyo hiyo. Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba, kofia mkononi kama inavyotakiwa, maana huku mtu akikuomba msaada mlangoni kwako hutumi jibu kwa mtoto, unamjibu mwenyewe usoni. Wote wamekubali. Abelardo alitaka kwanza kujua kitu kimoja.

“Hao wadudu wako wana uzito gani?”

“Wote kwa pamoja? Hawafiki hata punje ya chumvi.”

“Jozi kumi na mbili za ng’ombe kwa punje ya chumvi!”

“Na jiko.”

“Haa, kama kuna jiko, sawa.”

Nimefikiria mapovu, usidhani sikufikiria. Hatari ilikuwa pampu, na sisi hatuna pampu. Wewe mwenyewe ulipanga chakula kidondoke kutoka chupa ya juu kwa sababu umeme wetu ni wa kusuasua. Kwa hiyo nyumba ikienda na chupa yake na meza yake, wao hawatajua kama wamehama. Kilichobaki ni mteremko. Meza nimeining’iniza kwa kamba nne kwenye boriti, kama jiko la merikebu: nyumba itainama, meza itabaki sawa. Safu ya baridi nitaipoza kwa ndoo za maji ya chemchemi njia nzima. Nimeijaribu kwa gilasi ya chicha, pombe yetu ya tufaha, iliyojaa hadi ukingoni, Abelardo akitikisa ukuta. Haikumwagika. Tuliinywa kama uthibitisho.

Ni Jumamosi tarehe kumi na tano. Nitakuwa ndani.

Nolberto


Santiago, 12 Septemba 2012

Don Nolberto Mansilla,

HAPANA.

Hapana mara mia na ishirini, mara moja kwa kila chumba. Umekining’iniza kijiji kwa KAMBA? Unataka kukiburura mlimani kwa ng’ombe ishirini na wanne na watu waliokunywa? Nimekupigia simu mara kumi na tisa. Mara kumi na tisa yule dada ameniambia mteja hapatikani, na mara ya mwisho nilimwona kama ananionea huruma.

Hujapima mtikisiko wala hujui pembe ya mteremko. Na je, kamba ikikatika? Na ng’ombe wakigoma? Gilasi ya chicha si kipimo cha chochote isipokuwa chicha!

Kama ungeniambia mapema ningekutengenezea fremu ya kuzuia mtikisiko. Hukuniambia kwa sababu ulijua nitakataa, na ulijua hivyo kwa sababu una akili, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Usiguse kitu. Ahirisha. Hii ni amri ya mhandisi mhusika.

Fresia Olavarría


Punta Huechén, 20 Septemba

Kwa Daktari Fresia,

Mwanangu, hatujuani. Mimi ni Otilia Raín. Naandika kwa sababu Nolberto amelala sakafuni chini ya ile meza ya kamba tangu Jumamosi, na kila nikimwambia akuandikie anasema kesho.

Barua yako ya kukataza imefika leo. Basi lilikuwa halitembei; siku zote hizi za sikukuu ya taifa watu wanacheza na kula. Nimemsomea. Amesema, “Ana haki.” Kisha akageukia ukutani.

Nyumba imefika. Iko shambani kwangu, mlango unatazama chemchemi. Kuna jambo lilitokea kwenye kona ya kanisa. Atakueleza mwenyewe, na asipokueleza nitakueleza mimi. Mimi sidanganyi kwenye karatasi.

Baadaye tulifukua shimo la curanto, chakula chetu cha kuivishwa kwa mawe ya moto, wakala watu sitini, na sitini hao hawakuvuta wote, nami nimewahesabu. Wale wekundu wenu wapo kila mahali.

Jambo jingine, kwa kuwa wewe ni mtu wa mjini na huenda hakukuambia. Alipopita kuomba alipita nyumba kumi na tisa, na kila mlango alisema hivi: “Ninaomba mimi, na anaomba Daktari Fresia.” Ukishaombewa umeomba. Na huku aliyeomba hulipa siku ya kazi kwa siku ya kazi, kwa mikono yake. Sijui unaweza nini. Viazi vinapandwa Oktoba.

Otilia Raín, mjane wa Chiguay


Punta Huechén, 22 Septemba 2012
Siku ya 678

Daktari Fresia,

Nimeanza barua hii mara nne. Zile tatu zilikuwa na mizaha mingi.

Kwenye kona ya kanisa mnyororo wa jozi za mbele ulikatika. Nyumba ilirudi nyuma kama mita nne, ikaegemea tuta. Kamba zilishika, nilizifunga vizuri, hilo nitajisifu. Lakini meza iliyumba hadi ukutani, mpira unaotoka kwenye chupa ukachomoka. Chakula kikakatika.

Nilihitaji kuurudisha bila kuingiza hewa. Hiyo ni kazi ya dakika mbili, nimeifanya mara elfu. Lakini kwa kuwa tunang’oa madirisha kabla ya kuvuta ili vioo visivunjike, kila tundu la dirisha lilikuwa na vichwa vitatu vinavyonishauri.

“Upulizie, Nolberto!”

“Usipulize! Unyonye!”

“Mwacheni mtu, nyie! Nolberto, uloweshe kwanza!”

“Muulizeni Daktari!”

“Daktari yuko Santiago, mjinga wewe!”

Ilichukua dakika ishirini na tatu. Kikomo chako cha chakula kukatika, umekiandika kwenye mwongozo kwa wino mwekundu, ni ishirini.

Usiku ule nilihesabu. Vyumba 64 hai, 56 vitupu. Safu ya baridi, kati ya ishirini vilibaki tisa. Wiki nzima hii sikuweza kukuandikia namba hizo. Kitabu cha kumbukumbu kilikuwa mbele yangu na hakuna aliyepima dakika isipokuwa mimi. Ningeandika dakika kumi na nane, kamati ingefurahi, nawe usingejua kamwe. Nilishika kalamu, Daktari. Nakuambia kweli, niliishika.

Nimeandika ishirini na tatu.

Jana nimehesabu tena. Vyumba 103 vina uhai. Watoaji 88, wadoezi 15. Safu ya baridi ni kumi na saba kati ya ishirini, kijani vyote. Nimezipitia picha za kila siku: wale wenye tabia mpya, wanaojizuia wakiwa wachache, ndio walioingia vyumba vitupu na kudumu. Na hawakuishia kwenye safu yao. Wamevuka hadi safu ya pili, ambako hawajawahi kuonekana. Wadoezi walioingia vyumba vitupu walikuta hakuna wa kumdoea.

Sijui maana yake. Wewe ndiye utakayejua. Sampuli zimo ndani, pamoja na picha za siku saba.

Nilikuficha kwa sababu niliogopa utakataa, nawe ulikuwa na haki ya kukataa. Ukiandika kwamba jaribio limekatika, nitaelewa. Nyumba itakuwa banda zuri la kuku la Doña Otilia.

Nolberto Mansilla


Santiago, 9 Oktoba 2012

Don Nolberto,

Nimekaa na sampuli zako siku tano. Nimezihesabu mara tatu kwa sababu sikukuamini, na mara ya nne kwa sababu sikujiamini mimi. Namba zako ni sahihi.

Nimekukasirikia sana, nataka uelewe hilo kwanza. Nimekukasirikia kwenye basi na kazini, na hata kwa daktari wa meno. Kisha Jumapili nikatambua jambo ambalo lingepaswa kuniaibisha miaka mitatu iliyopita: nilikitengenezea kijiji maisha ambayo hakuna kiumbe aliyewahi kuyaishi. Hakuna upepo wala mtikisiko, na chakula kwa saa. Halafu nikakaa nikingoja nione kama tabia mpya itasambaa. Isambae iende wapi? Vyumba vilikuwa vimejaa. Ilihitaji nusu ya kijiji iwe tupu siku moja, na mimi nisingethubutu kamwe kufanya hivyo kwa mkono wangu. Mnyororo wa Abelardo umefanya.

Hii haimaanishi ulifanya vizuri. Ulifanya vibaya ukabahatika. Naandika hivyo ili Doña Otilia akikusomea asikie.

Kuhusu kamati. Kuandika sentensi moja kulinichukua Alhamisi nzima, nikaituma Ijumaa, siku mbili kabla ya kikomo. Nilikuwa na sentensi nzuri sana za kuzungukazunguka. Mwishowe niliandika hivi: “Siku ya 671 mtiririko wa chakula ulikatika kwa dakika 23, dakika tatu zaidi ya kikomo, kwa sababu jengo la maabara lilikuwa linavutwa na ng’ombe.” Nikaambatanisha picha zako, zile mbili zisizo na kidole.

Majibu yamekuja jana. Wameuliza maswali matatu: kama ng’ombe hao ni mali ya taasisi, kama kuna hatari ya ng’ombe kuingia ndani ya maabara, na kama tukio linaweza kurudiwa kwa makusudi, siku ya 800, ili kulinganisha. Mwenyekiti ameongeza kwa mkono wake kwamba mama yake anatoka Quellón, huko huko Chiloé, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kusoma ripoti yetu hadi mwisho kabla ya hii.

Tuna hadi siku ya elfu moja. Sharti ni kwamba mhandisi mhusika aje kukagua jengo kwa macho yake.

Nimeomba likizo yangu yote, siku kumi na nne. Ukaguzi utachukua asubuhi moja. Doña Otilia amenitumia orodha ya nyumba kumi na tisa, kwa mwandiko ambao haukubali mjadala, kwa hiyo tano zitabaki kwako, gauti au hakuna gauti. Wewe ndiye uliyeniombea bila kuniuliza.

Nitashuka kwenye feri ya Jumamosi tarehe ishirini. Sijawahi kupanda kiazi hata kimoja maishani mwangu. Niambie nianze shamba la nani.

Fresia